Herufi Zenye Manyoya

Jumatatu, 4 Machi

Dada,

Flash nimeipata, na barua uliyoizungushia nimeisoma, lakini sitajifanya nina furaha. Umeniaibisha mbele za watu.

Nilitangaza mapema kwamba ukumbi wangu utaonyesha filamu yenye maandishi, kila neno la mwigizaji lisomeke ukutani. Nikabandika karatasi mlangoni. Nikamdokezea mlinzi wa duka la jirani, na ukimdokezea yule umeuambia mtaa mzima. Watu wakajaa mpaka mabenchi ya nyuma. Nikafunga mapazia, nikapiga ile kelele yangu ya "giza", nesi wa filamu akaanza kuzungumza na mgonjwa wake, herufi zikatokea.

Dada, zilikuwa na manyoya. Sijui nieleze vipi. Kila herufi imevimba, pembeni ina ukungu, ya kwanza imeegemea ya pili kama walevi wawili. Mlinzi alijitolea kuwasomea wenzake kwa sauti, akakwama neno la tatu, akasingizia kasahau miwani. Hana miwani na hajawahi kuwa nayo.

Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kwamba pale studio hakuna anayekufikia kwa kuweka maandishi kwenye video. Ya wageni unayafanya safi, ya mdogo wako unalipua?

Wateja wamelalamika. Tafadhali rekebisha, uitume flash nyingine na basi la Ijumaa, na barua ndani kama tulivyozoea, maana simu yako ukiwa kazini ni pambo tu.

Mdogo wako,
Bwana Giza


Alhamisi, 7 Machi

Bwana Giza,

Punguza moto. Sijalipua kitu. Nimeisikiliza filamu nzima sentensi kwa sentensi, nasimamisha, naandika, narudisha, mpaka mkuu wangu wa studio akaniuliza kama yule nesi ni ndugu yetu.

Kabla sijagusa chochote, nijibu swali moja, na usinipige chenga. Ulionyesha nakala ipi? Ndani ya flash niliweka folda mbili. Moja nimeiandika SIMU, nyingine UKUTA. Ya simu nimeibana iwe nyepesi, uiangalie kiganjani kwanza unieleze kama kuna neno nimekosea. Ni picha ndogo yenye herufi ndogo. Ukiichukua hiyo ukaimwaga kwenye ukuta mzima, kompyuta haina pa kupata herufi kubwa, inabidi izivute hizo hizo mpaka zienee. Ni sawa na kumvalisha mtu mzima shati la mtoto. Hapo manyoya lazima yaote.

La pili. Wateja gani hao waliolalamika? Ukumbi wako naujua. Watu wako ni wa kupiga makofi gari likipinduka. Filamu ni ya Kiswahili na masikio wanayo, hakuna hata mmoja aliyewahi kudai maandishi. Uliponiomba nilidhani ni mbwembwe zako za kawaida. Sasa nakuona umevimba kama mtu aliyechomewa nguo na pasi siku ya sherehe, nikajua hapa kuna jambo.

Sema.

Dada yako


Jumatatu, 11 Machi

Dada,

Nilionyesha ya simu. Haya, cheka ukimaliza uendelee kusoma. Ile ya ukuta ilikuwa nzito, kompyuta inajivuta kuifungua, watu wanapiga miluzi, nikaona maneno si ni yale yale. Jana nimeweka ya ukuta na manyoya yametoka yote.

Kuhusu wateja. Ni mmoja.

Unakumbuka nilikuambia nimeshonesha mapazia mazito meusi ya kukata mwanga wa mchana. Fundi aliyekuja kuyatundika hasikii. Homa ya utotoni ilimchukua masikio yote mawili. Anaongea kwa mikono, na kama hujui mikono anakupa simu mnaandikiana. Alipomaliza kutundika, mimi nilikuwa najaribu projekta na ile filamu ya mama aliyeachwa na mwanawe mlangoni. Akavuta kiti. Akaitazama mpaka mwisho bila kusikia hata neno moja, halafu akanipa simu yake. Alikuwa ameandika: "Yule mama amelia nini?"

Nikaanza kuandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mama alilia kwa sababu ya maneno aliyoambiwa pale mlangoni, na mimi niliyeiona filamu ile mpaka nikaichoka sikuweza kuyapanga. Fundi akaningoja bila haraka. Mwishowe akatabasamu, akakusanya mkasi na pini zake, akaondoka. Nilijiona bwege wa kutupwa.

Tangu siku hiyo sina raha. Ndiyo maana nikakuomba maandishi. Ameanza kuja, anakaa kiti cha pembeni mstari wa tatu, na mimi kule nyuma kwenye mashine namtazama yeye kuliko ukuta. Nimempenda, Dada. Namtaka awe mke wangu, na njia pekee ya kumleta hapa ni hizo herufi zako. Asipoweza kuzisoma hana la kufuata kwenye ukumbi wangu.

Leo asubuhi nimepita kibandani kwake kumuuliza ameonaje. Akaandika kwamba manyoya hayapo tena, ila yale maandishi mekundu yanachuja. Hilo ndilo neno lake la ufundi. Nimerudi kuangalia na ni kweli, wekundu unamwagikia pembeni kama kitambaa kibaya kilicholowekwa.

Usimwambie Mama.

Bwana Giza


Alhamisi, 14 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Kumbe. Kumbe wewe.

Mama sijamwambia. Nimemwambia Shangazi tu.

Turudi kwenye wekundu. Huyo fundi wako ana jicho, na hapo kosa ni langu peke yangu. Video ikibanwa ili ienee kwenye flash, mashine huanza kwa kupunguza rangi, kwa kuwa jicho la binadamu halidai rangi sana. Mwanga na kivuli haivigusi mno. Sasa herufi nyekundu kwenye giza inasimama kwa rangi yake tu. Rangi ikipunguzwa, na yenyewe inalegea kingo. Nilichagua nyekundu kwa sababu ilikuwa inapendeza kwenye kioo changu cha studio, nikajiona mjanja.

Nimezifanya zote nyeupe, nimezizungushia ukingo mweusi, nimeacha zile herufi nyembamba za madaha nikachukua nene zilizoshiba. Nimezipandisha pia juu kidogo zisifunikwe na vichwa vya mstari wa mbele. Safari hii folda ni moja tu, ya ukuta, ili usipate nafasi ya kuchagua.

Na wewe, ukienda kibandani usijikalie kimya kama mteja anayedai suruali. Muulize habari zake.

Dada yako


Jumanne, 19 Machi

Dada,

Shangazi amekuja. Hakuarifu, hakupiga hodi, ameingia ukumbini mchana, akauliza fundi anakaa kiti gani, akakikagua kiti, akaondoka. Nitakulipizia siku moja.

Herufi nyeupe zimenipa moyo. Mimi naziona vizuri kutoka kwenye mashine. Mlinzi sasa anazisoma kwa sauti na kuwawahi waigizaji, anasema jibu kabla mtu hajaulizwa, juzi wamemtoa nje wakamrudisha alipoapa kunyamaza. Wale wale uliosema hawahitaji maandishi wamenogewa. Niliweka filamu ya zamani isiyo nayo wakanijia juu.

Lakini yeye anasema bado. Nilipita asubuhi kama kawaida. Kibanda chake ni kidogo, cherehani iko mlangoni ipate mwanga, nguo za watu zimening'inia mpaka unaingia umeinama. Siku hizi ananiwekea kigoda kabla sijafika. Nikamuuliza maandishi yakoje. Akafikiri sana, akaandika kwamba yanatetemeka kidogo pembeni. Nikamuuliza pembeni wapi. Akasema ni vigumu kueleza, labda nimwonyeshe nyingine nirudi.

Na nilimuuliza habari zake kama ulivyoniagiza. Tukaandikiana mpaka simu yangu ikazima, tukahamia ya kwake. Ameniambia anavyoshona kwa kugusa mtetemo wa mashine, akihisi tu kwa vidole anajua sindano imechoka. Amenifundisha kusema "kitambaa" na "njaa" kwa mikono. Narudi ukumbini nina furaha, halafu nakumbuka herufi zinatetemeka, furaha inaisha.

Tafuta dawa, Dada. Nakuachia wewe.

Bwana Giza


Ijumaa, 22 Machi

Bwana Giza,

Nimeicheza nakala hiyo kwenye kioo kikubwa cha hapa, nikamwita mkuu wa studio, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Hakuona kinachotetemeka. Kwa hiyo ugonjwa uko huko kwako.

Fanya hivi. Kila projekta ina kipimo chake cha picha ilichozaliwa nacho. Kompyuta nayo inatoa picha kwa kipimo ilichopangiwa. Visipolingana, projekta inalazimika kuikunja picha upya ili iingie, na mikunjo inaonekana kwanza kwenye herufi. Soma kipimo kilichoandikwa chini ya projekta, uingie kwenye mipangilio ya kompyuta uchague hicho hicho. Halafu zungusha kioo cha mbele cha projekta taratibu huku ukitazama maandishi, si sura za watu.

Nimetoa na nakala nyingine isiyobanwa sana, na ile filamu ya dereva wa lori nimeiwekea maandishi pia. Nimeandika nyuma ya bahasha kwamba hizi ndizo herufi zangu za mwisho, na simaanishi utani. Nina kazi za watu zimelala.

Dada yako


Jumatano, 27 Machi

Dada,

Kipimo hakikuwa sawa kweli. Nimekilinganisha, nimezungusha kioo, na mimi nikasema sasa basi, huu ukuta unasomeka hata kutoka barabarani.

Nimekwenda kwake leo. Amesema bado.

Nimechoka. Si kwa kazi, kwa kumwona anahangaika kwa ajili yangu. Nimewaza sana. Nafikiri filamu hazimpendezi, na kwa vile ni mwungwana anatafuta kosa dogo dogo la kunipa badala ya kunivunja moyo. Anakuja kwa kunihurumia. Anakaa pale, anaondoka, asubuhi napita kumsumbua kibandani akiwa na nguo za watu, na yeye hawezi kunifukuza.

Sitaki kumgandia mtu. Jumapili ataletwa na adabu yake kama kawaida, na filamu ikiisha nitamwandikia kwamba asijisumbue tena. Nitamshukuru. Wewe pia nakushukuru, umejitahidi kuliko nilivyostahili. Usinitumie flash nyingine.

Mdogo wako


Jumatano, 27 Machi

Dada mwandika maneno,

Hunijui. Mimi ndiye fundi niliyeshona mapazia ya ukumbi wa mdogo wako. Anwani nimeitoa kwenye bahasha yako. Aliniachia flash niione, na nyuma ya bahasha ulikuwa umeandika kwa hasira kwamba hizo ndizo herufi zako za mwisho. Nimeona haya. Nimeacha gauni la mtu katikati nikuandikie.

Herufi zako hazina kosa. Za kwanza zilikuwa mbaya kweli, na nyekundu zilichuja kweli. Zilipokuja nyeupe nilizisoma zote, mpaka minong'ono. Sijawahi kuona filamu namna ile maishani mwangu. Kutetemeka nimekutunga mimi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Asubuhi ile baada ya herufi mbaya, mdogo wako alikuja kibandani na sura ya mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Nilidhani ataniomba radhi aondoke. Akaketi. Watu wakijua sisikii hupaza sauti, wakiona haisaidii huandika maneno mawili, kisha wanakumbuka wana shughuli. Yeye aliandika polepole, akanipa, akangoja nijibu, akaandika tena. Alipoondoka niligundua sijashona hata pindo.

Siku ya herufi nyeupe akaja akaniuliza zikoje. Nilishaanza kuandika "safi". Nikasita. Nikajiuliza, nikimpa "safi" leo, kesho atakuja kufuata nini hapa? Nikafuta. Nikaandika "bado". Na nimeendelea hivyo, kila nikiona kigoda kitupu.

Sikujua kwamba huko kuna mtu anatoka jasho kwa uongo wangu. Nilidhani unabonyeza kitu kimoja tu. Nisamehe. Sijui kama mdogo wako ana nia na mimi au ana nia na maandishi yake tu, maana kila tukikaa swali lake la kwanza ni herufi. Kama ni herufi tu, niambie mapema nisijidanganye.

Fundi Mapazia


Ijumaa, 29 Machi

Fundi,

Barua yako na ya mdogo wangu zimefika pamoja kwa basi moja. Nimezisoma zikiwa pajani, moja huku, moja huku, nikacheka mpaka mkuu wa studio akaniletea maji.

Kwa hiyo nimenenepesha herufi, nimezizungushia wino, nimezipandisha, nimemwita bosi wangu azinuse, kwa ajili ya mtu aliyetaka kutembelewa. Sikasiriki. Ila ujue kwa uongo wako projekta ya mdogo wangu imepata kipimo chake cha kweli, kwa hiyo haukuwa wa hasara.

Swali lako la nia sitalijibu. Si langu. Na siri yako sitamwambia, nayo si yangu. Nakuomba kitu kimoja. Jumapili, akikuuliza kama yanasomeka, mwambie ukweli hapo hapo, usingoje asubuhi. Ukingoja utachelewa.

Ndimi wifi yako, na kama nimekimbilia kujiita hivyo, utanivumilia.


Ijumaa, 29 Machi

Mdogo wangu,

Usimwandikie kitu chochote mpaka usome hapa. Nimempa dereva wa basi bahasha hii mkononi na nimemtisha.

Nimepitia kila kitu upya. Faili halina kosa. Kipimo sasa kiko sawa. Limebaki jambo moja ambalo mimi na wewe hatujalikagua: mahali pa kukaa. Wewe siku zote unatazama ukiwa nyuma kwenye mashine. Hujawahi kuyatazama maandishi kutoka pale anapoyatazama yeye. Huwezi kutibu ugonjwa wa kiti usichokikalia.

Jumapili mwachie mlinzi mashine. Anajua kubonyeza, na itamfunga mdomo. Wewe nenda mstari wa tatu, kaa kiti kilicho karibu na chake, mtazame filamu pamoja toka mwanzo mpaka mwisho. Usiinuke hata projekta ikitoa moshi. Umuulize pale pale, wakati herufi ziko ukutani.

Baada ya hapo kama bado unataka kumuaga, muage. Nitanyamaza.

Dada yako


Jumatatu, 1 Aprili

Dada,

Nilikaa.

Mlinzi alipiga ile kelele ya "giza" kwa sauti kubwa kuliko yangu, sasa anadhani ukumbi ni wake. Ilikuwa filamu ya dereva wa lori aliyepotelea safarini na mizigo ya watu. Nikakaa kiti cha karibu naye, nikatazama maandishi ya kwanza. Yalikuwa safi. Ya pili safi. Nikainamisha kichwa huku, nikakiinamisha kule, nikatafuta panapotetemeka, hapakuwepo.

Hapo nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikasema masikio alishanyang'anywa, sasa na macho? Nikaandika haraka haraka, vidole vinakosea: "Mimi nayaona safi kabisa. Wewe huyaoni? Kesho nakupeleka kwa daktari wa macho. Nitafunga ukumbi."

Akasoma. Akaisoma mara ya pili. Kisha akacheka, Dada. Sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti, na yeye hajui ina ukubwa gani, basi ukumbi mzima uligeuka na mlinzi akasema jamani tunasoma. Akaandika, mkono mmoja kauziba mdomo:

"Macho yangu mazima. Nimeyaona safi siku zote hizi. Nilisema bado ili uje."

Nikaiweka simu chini ya kiti. Nikampa mkono akaushika, na hakuuachia. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa kufurahi mbele za watu, ingawa kulikuwa na giza. Baadaye nilimuuliza kama naweza kuja na wazee wangu kwao. Amekubali. Amesema lakini Shangazi atangulizwe, maana alishapita kibandani kushonesha blauzi asiyoihitaji na wameshapatana.

Ameniambia pia kwamba alikuandikia. Kwa hiyo ulijua, ukanitisha na habari za viti. Njoo tu huku, tutaongea.

Watu walipokuwa wanatoka walinizunguka mlangoni kubishana. Wengine wanasema dereva alifika nyumbani, wengine wanasema lile lori la mwisho halikuwa lake. Wakanitaka mimi mwenye ukumbi nikate shauri. Filamu zote ninazoonyesha nazijua mpaka kikohozi cha mwigizaji. Nikawaambia hii mwisho wake sikuuona, sijui, na wallahi sikujua.

Mdogo wako